Dobi wa Karatasi ya Kwanza

Watu wa gemu za kompyuta walimwita mchoraji huyu Nukta, na jina hilo halikumkaa bure. Enzi zile kompyuta zilikuwa na akili ya kuku, na mhusika mzima, kichwa hadi viatu, alipaswa kuenea ndani ya miraba kumi na sita kwenda juu na kumi na sita kwenda pembeni. Wenzake walitoka jasho. Yeye aliweka nukta tatu tu, ukaona mtu amenuna.

Gemu iliyomtoa ilikuwa ya mwanamke anayeruka juu ya mapaa akifukuzia nguo zilizopeperushwa na upepo. Kila aliyewahi kubonyeza vile vitufe anamkumbuka: mrefu, kiuno cha nyigu, kitambaa chekundu kichwani. Lakini mwanzoni hakuwa hivyo. Kwenye karatasi ya kwanza alikuwa mfupi, mpana wa mabega, kapu kiunoni, mkono wa shati umekunjwa hadi kwenye kiwiko, na chini ya kiwiko kovu refu la moto.

Kovu hilo Nukta hakulibuni. Lilikuwa la dada yake. Wazazi wao walipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na tisa na yeye saba. Dada akaingia kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akawa dobi, na mwaka wa pili mashine ya kunyooshea mashuka ikamchoma mkono. Alirudi kazini bandeji ingali mbichi, maana shule ya mdogo wake haikuwa na subira. Penseli za kwanza alizoshika Nukta zilitoka mfukoni mwa aproni ya dada ya kazini.

Siku Nukta alipobandika karatasi hiyo ya kwanza ukutani pale ofisini, wenzake watatu walisogea kuiangalia. Mmoja akauliza, "Huyu nani, dobi?" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, ila walicheka. Nukta akacheka nao, akasema ni mtu tu aliyemwona barabarani, kamchora kwa mzaha. Alasiri hiyohiyo akachukua karatasi nyingine, akayapunguza mabega, akairefusha miguu, akamvua miaka kumi na mitano, na mwisho, bila kuombwa na mtu, akalifuta kovu.

Miezi miwili baadaye fundi wa programu alikuja kulalamika kwamba kapu linakula nukta nyingi mno, liondoke, na kwamba nywele hazichoreki, basi avikwe kitambaa chekundu ili kichwa kionekane. Hayo yalikuwa mabadiliko ya haki. Nukta akayadaka kama mtu aliyeokota kisingizio njiani. Tangu hapo, kila alipoulizwa kwa nini mwanamke wa kwanza hakufanana na wa mwisho, alijibu kwamba mashine ilikuwa ndogo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yake ilimchukua miaka ishirini na sita.

Ndipo maktaba ya jiji ilipoandaa maonyesho ya michoro ya awali ya gemu za zamani. Mtunza maonyesho, mama mmoja mpole, alizipanga karatasi za Nukta kwa tarehe, na kila moja akaiwekea kadi ya maelezo. Kuhusu ile ya kwanza Nukta alimwambia aandike: "Jaribio la mzaha. Hakukusudiwa mtu yeyote." Mama akaandika kama alivyoambiwa.

Dada hakualikwa. Alisoma tangazo mwenyewe, akavaa gauni lake la kutokea, akaja akijikongoja kwa sababu ya goti. Alipoingia, Nukta alikuwa amezungukwa na wageni, anawaeleza habari za mashine ndogo. Akamwona anasimama mbele ya karatasi ya kwanza. Akajikaza kisabuni akaendelea kuongea, lakini alichosema mwenyewe hakijui.

Dada hakuwa na haraka. Alivaa miwani, akaisoma kadi. Akasogea karatasi ya pili, akaangalia tarehe, kisha ya tatu, hadi ya sita, palipokuwa na maagizo ya fundi kwa wino mwekundu na tarehe yake pembeni, miezi miwili baada ya kovu kutoweka. Akarudi ya kwanza. Wageni walipotawanyika, akamwita mdogo wake kwa kichwa.

"Huyu ni mimi."

"Ndiyo, dada."

"Umenichora vizuri. Hata ninavyokunja mkono wa shati ulikuwa unaona. Sasa kwa nini uliniondoa?"

"Dada, mashine za wakati ule zilikuwa..."

"Mashine ndiyo iliyoandika haya?" Aliweka kidole chini ya neno mzaha.

Nukta alitamani sakafu ipasuke immeze. Akamweleza yote, sauti ya chini, macho kwenye viatu vya dada yake: swali la yule mwenzake, kicheko, na alivyomkana. Alingoja afokewe. Kufokewa kungemfaa. Dada alisikiliza hadi mwisho.

"Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu," alisema. "Huyo namsamehe. Huyu wa leo, mwenye karibu hamsini, sijui nimfanyeje."

Akaondoka, na hakutaka kusindikizwa.

Nukta alimfuata mtunza maonyesho akamwambia ukweli. Mama yule hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Alimpa tu kadi tupu na kalamu. Nukta aliharibu kadi mbili. Ya tatu ilisema: "Dada yangu, dobi wa hospitali. Kovu ni la kweli. Nililifuta mimi, si mashine, kwa kumwonea aibu." Mama akauliza kama maneno ya mwisho yabaki. Yakabaki.

Kila Jumamosi Nukta alikuja kuwaongoza wageni, nao waliisoma ile kadi huku yeye amesimama papo hapo. Kijana mmoja alimsifu kwa ujasiri, na Nukta akaingia msalani kunawa uso.

Maonyesho yalipofungwa alikwenda kwa dada mikono mitupu, kwa kuwa kila alichofikiria kubeba kilinuka rushwa. Dada alimpa kiti. Akamwambia majirani walikwenda wakaisoma kadi.

"Wanasema nini?"

"Wanasema wewe mkweli. Mimi nimenyamaza."

Baadaye dada akasema Jumanne ana miadi ya goti hospitalini, na ngazi za kule ni nyingi. Nukta akasema atampeleka. Jumanne alifika saa nzima kabla ya muda, akasimama nje ya mlango wa dada yake, akaona haya kubisha.