Mbavu Zilizoliwa Bila Meno

Mimi nimewahi kunywa maji yenye meno ndani yake.

Meno si yangu. Ni ya baba mkwe.

Kabla hujakimbia kwa kichefuchefu, tulia nikupe mkanda mzima.

Mimi ni kinyozi. Mchumba wangu alikuwa binti wa muuza nyama mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Kisu. Bucha alishaliacha, ila mdomo haukustaafu naye. Nyama ya mtu yeyote ina kasoro mpaka yeye aseme haina.

Na alikuwa na sheria yake. Ukitaka binti yake, unakuja kwake unampikia mbavu za nguruwe, laini, zilizopakwa rojo tamu yenye pilipili. Yeye anavua meno yake ya bandia, anayatumbukiza kwenye glasi ya maji mezani, anaanza kula kwa fizi.

Akimaliza bila kuyarudisha mdomoni, umepata mke. Akinyoosha mkono kwenye glasi, chukua kofia yako uende.

Usicheke. Wawili walishaenda. Mmoja ana duka la simu, mwingine mwalimu wa kwaya. Mbavu za mwalimu, nasikia, ziligeuka mkaa, mzee akaomba aletewe nyundo.

Sasa mimi kitu pekee nilichojua kupika ni chai. Nayo ilikuwa inalalamikiwa.

"Nakupenda," mchumba wangu akaniambia, "ila baba asipoitikia siondoki nyumbani. Unanijua."

Nilimjua. Nikaogopa kweli. Yule mwanamke nilimpenda kiasi kwamba nilishaanza kuwanyoa wateja vipara wasivyoviomba.

Akanitumia video.

Mtandaoni kuna mama mmoja anajiita Mama Rojo. Uso haonyeshi. Unaona mikono tu, na sufuria kuukuu iliyokatika sikio moja.

Niliiangalia ile video mpaka wateja wakanuna. Geuza mbavu, shika ule utando mgumu wa nyuma kwa kitambaa, vuta utoke wote. Funika sufuria, moto mdogo, usiwe na haraka. Kisha rojo: asali, pilipili, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu.

Ila hakusema asali inapakwa saa ngapi!

Nikaandika chini ya video: "Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Asali naipaka mwanzoni au mwishoni? Nampikia baba wa mchumba wangu, akizikataa mbavu basi mke sina."

Picha yangu pale nimeshika mashine ya kunyolea, nacheka kama mjinga.

Akajibu: "Marahaba mwanangu. Paka mwishoni kabisa, sukari inaungua upesi. Na mtu akikuambia vinginevyo, mwitikie, halafu usimfuate."

Maneno ya mwisho sikuyaelewa. Nikayashika tu.

Jumapili ikafika. Mama mkwe, mwanamke mpole asiyezidisha neno, akanikabidhi sufuria mpya inayong'aa na jiko la mkaa uani, akaingia ndani. Mzee Kisu akavuta kiti, akakaa karibu yangu kunisimamia.

"Huo moto gani? Unazipika au unazibembeleza?"

"Nazibembeleza, baba."

"Tia asali sasa hivi! Iingie ndani ya nyama! Mimi nimekata nyama tangu hujazaliwa!"

Nikimbishia, nimekosa adabu. Nikimtii, nimekosa mke.

"Naam, baba," nikasema. Nikainama na kijiko kitupu, nikakizungusha juu ya sufuria.

"Hapo sawa," akasema mzee, karidhika kabisa.

Nyama ilipoanza kuachana na mfupa, nikazihamishia mbavu juu ya wavu, nikapaka rojo, nikageuza, nikapaka tena. Zikang'aa, na harufu yake ikamnyamazisha hata mzee.

Mezani akavua meno. Glasi ikatua mbele yangu.

Akachukua ubavu wa kwanza. Akachukua wa pili. Mchumba wangu kanishika goti chini ya meza. Nami ili nionekane mwanaume anayejiamini, nikang'ata kipande.

Pilipili ikapita njia isiyo yake.

Nikapaliwa. Machozi, kamasi, kila kitu. Nikadaka glasi iliyokuwa karibu, nikagugumia.

Kitu kigumu kikanigonga mdomo.

Mchumba wangu akafunika uso. Mama mkwe akakimbilia jikoni, tukamsikia akicheka mpaka anakohoa. Mimi nikabaki na glasi hewani, nikijua kabisa kwamba ndoa imeisha kabla haijaanza.

Mzee akanitazama. Akaitazama glasi.

"Yameze tu, mwanangu," akasema kwa fizi zake. "Siyahitaji."

Akachukua ubavu mwingine.

Nilitaka kulia. Nikaona bora nikaoshe vyombo.

Kule jikoni ndiko nilikoiona. Imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango: sufuria kuukuu, sikio moja limekatika.

Nikageuka. Mama mkwe anafuta machozi ya kicheko kwa mikono ambayo nilikuwa nimeitazama wiki nzima.

"Mama Rojo?"

"Punguza sauti."

"Na wale wawili wa kwanza?"

"Waliniuliza swali hilohilo. Wa simu aliandika, 'We mama, toa vipimo acha kuringa.' Wa kwaya akaniambia nijibu haraka, ana mambo ya maana." Akafunga bomba. "Nikawaambia waanze na asali, moto mkali."

"Na binti yako alijua?"

"Video ulitumiwa na nani?"

Nikakaa kwenye ndoo.

Mpaka leo mzee anatamba mtaani kwamba wakwe huwachuja yeye mwenyewe, kwa fizi zake, na kwamba mbavu zangu ziliiva kwa sababu aliniambia nitie asali mapema. Mkewe humsikiliza, humwongezea chai, humwitikia, "Kweli, baba."

Ndugu yangu unayekwenda kuposa, mwogope baba ukipenda. Lakini mama msalimie, hata kama unachokiona ni mikono tu kwenye simu.

Na ukipaliwa kwa watu, uliza kwanza maji ni ya nini.