Nyasi za Baba Mkwe

Mpe Fundi nyasi zozote zinazoumwa, atakueleza ugonjwa wake kabla hujamaliza kumkaribisha. Akizivuta zikainuka kama mkeka, anajua chini kuna funza wanaokula mizizi. Akichomeka bisibisi ardhini ikagoma, anakuambia udongo umekanyagwa hadi ukashikana, utoboe upumue. Nyasi za mtaa mzima zilimtii, isipokuwa za nyumbani alikokuwa akiishi.

Nyumba ilikuwa ya baba mkwe wake. Fundi na mkewe walikaa vyumba viwili vya uani, na mbele, kati ya baraza na geti, palikuwa na kiwanja cha nyasi ambacho kila mpita njia alikiona. Kilikuwa na rangi ya gunia. Wateja watatu walishapita, wakachungulia, wakaghairi. Jambo hilo lilimuuma Fundi, na lilimuuma zaidi kwa sababu ugonjwa aliujua tangu siku ya kwanza: ni baba mkwe mwenyewe.

Mzee alikuwa kinyozi kwa miaka arobaini. Alipostaafu, mikono ilikataa kustaafu, ikahamia kwenye mashine ya kukatia nyasi. Kila Jumamosi alikishusha kisu chake hadi mwisho, akanyoa kiwanja mpaka udongo ukaonekana, kisha akasimama barazani akipangusa jasho na kujisifia.

"Nywele ukizikata chini zinarudi nzito," alisema. "Na hizi ni nywele tu, mkwe wangu."

"Ni kweli, Baba, ila jua hili..."

"Jua? Mbona vichwa nilivyonyoa vilitembea juani na havikufa?"

Sasa hapo mtu utajibu nini? Mzee amekupa binti, amekupa na paa, leo umwambie hajui kukata? Fundi alisema "Ndiyo, Baba," akaenda kusaga meno nyuma ya nyumba. Nyasi hujitengenezea chakula kwenye jani. Ukilikata lote, mizizi inalala njaa na kufupika, na jua likichachamaa kidogo tu zimekwisha. Wateja aliwaambia hayo bila kumung'unya maneno. Mbele ya baba mkwe, ulimi ulimganda.

"Mwambie tu, hatakula mtu," mkewe alimhimiza.

"Mwambie wewe, si baba yako?"

Mkewe akacheka, akaendelea kukunja nguo.

Ndipo zikaja habari kutoka zahanati mpya. Walitafuta mtu wa kutunza bustani yote, kazi ya kudumu, na mkuu wa zahanati alitaka kwanza kuziona nyasi ambazo Fundi anazitunza kwake. Angekuja Jumamosi, wiki tano baadaye. Kazi ya kudumu! Fundi alikuwa amechoka kubisha hodi kwenye mageti ya watu na reki begani.

Badala ya kusema, akafanya ujanja wa mwoga. Alikifungua kisu cha mashine, akakificha juu ya kabati la chumbani, akamwambia baba mkwe kimepelekwa kunolewa.

"Kitarudi lini?"

"Mnoaji ana kazi nyingi, Baba."

Kila Jumamosi swali lile, jibu lile. Mzee alizunguka kiwanja mikono nyuma, hana raha. Fundi naye alitoboa udongo kwa uma wa bustani, akatandaza mboji, akamwagilia alfajiri mara mbili kwa wiki, maji ya kushuka hadi kwenye mizizi, si yale ya kunyunyiza jioni ambayo mzee aliyapenda. Wiki ya tatu kijani kikachomoza. Wiki ya tano nyasi zilikuwa na urefu wa kidole. Fundi alivua viatu akasimama juu yake peke yake, na nusura alie.

Siku yenyewe ikafika. Alikwenda barabarani kumpokea mgeni, mama wa makamo mwenye miwani, na njia nzima akamweleza habari za mizizi na udongo. Mama alisikiliza, akauliza maswali ya mtu aliyekwisha kumkubali. Walipokaribia geti, Fundi akasikia mashine inanguruma. Akalisukuma geti.

Kiwanja chote kilikuwa kimenyolewa. Rangi ya gunia ilikuwa imerudi.

"Afadhali nimewahi!" mzee alipaza sauti, akazima mashine, uso umejaa furaha. "Huyo mnoaji wako anakuchezea, mwanangu. Nimekununulia kisu kipya. Nikasema mgeni asikukute na manywele."

Mama alichuchumaa, akagusa visiki vya majani.

"Hizi ndizo ulizonieleza?"

"Ndizo, mama. Asubuhi zilikuwa nzuri."

"Huyu mzee anajua kwamba anaziua?"

Fundi alitazama chini. Mzee alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, anasikia kila neno.

"Sijamwambia."

"Kwa muda gani?"

"Miaka miwili."

Mama aliinuka, akapangusa mikono. Hakuwa mkali, na hilo lilimchoma Fundi kuliko kama angefoka. "Pale kwangu kila mgonjwa atataka kukatisha juu ya nyasi, na madaktari watataka kuegesha magari papo hapo. Nahitaji mtu wa kuwaambia hapana. Kazi unaijua, nimeona. Samahani sana, Fundi."

Geti likafungwa. Damu ilimchemka Fundi, akatamani kuipiga mashine teke. Alimkasirikia mzee, akamkasirikia mnoaji ambaye hata hakuwapo, na alipojikasirikia yeye mwenyewe, hasira hazikupata pa kuishia.

"Baba." Sauti ilitoka nzito kuliko alivyotaka. "Mashine hii usiiguse tena. Unakata chini mno. Unaziua."

 Mzee alipiga magoti polepole, akakifungua kile kisu kipya, akakifuta kwa kitambaa kama alivyokuwa akifuta nyembe zake, akamkabidhi.

"Miaka arobaini," alisema, "kila aliyekaa kwenye kiti changu aliniambia anataka akatweje. Hata watoto waliniambia. Wewe tu ndiye uliyenyamaza."