Kamio ya Hemedi na kinu cha mama mkwe

Mume wangu Gaston anasikiliza kuliko anavyotazama. Baiskeli ikipita nyuma ya nyumba yetu hapa Kasongo, hainui kichwa. Anasema tu, "Ule ni katekista Dominique, mnyororo wake umekauka," na mimi nikichungulia mlangoni namwona katekista Dominique anakanyaga kwa taabu. Siku alipokuja kwetu Kabambare kunichumbia, salamu zilikuwa hazijaisha, naye alikuwa ameshaweka sikio juu ya cherehani ya baba, iliyokuwa inakatakata uzi. Aliitengeneza kabla ya chakula. Baba husema hadi leo kwamba yeye hakumpa binti yake mutu, alimpa sikio.

Gaston alizaliwa Wamaza, katika nyumba ya walima pamba. Kamio, lile lori la kuchukua pamba, ilipokuja, watoto wengine walikimbia kuitazama, yeye alikimbia nyuma yake akiwa amefumba macho, na mara mbili aliingia mtaroni. Baba yake akaona mtoto huyu hatalima. Akampeleka kwenye karakana ya misioni, akakaa miaka minne akijifunza chuma. Baadaye Bwana Hemedi, mwenye maduka hapa mjini, akamchukua atunze kamio yake.

Bwana Hemedi ndiye aliyeendesha, tena mwenyewe, kwa kanzu na kofia. Lakini magoti yake yalikuwa yamechoka, na tangu mwaka uliopita alikuwa akimwambia Gaston, "Fundi, siku moja nitakupa volani, uendeshe wewe." Gaston hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kukaa pale mbele, ashike njia ya Kabambare, asimamishe kamio mbele ya nyumba ya baba yangu, ashuke taratibu. Nilijua, maana akiwa amelala mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga.

Basi mwaka ule mvua ilikula barabara. Magurudumu ya makamio yalichimba mifereji miwili, na katikati ukabaki mgongo wa udongo na majani. Kamio ya Hemedi ilikuwa inakaa juu ya mgongo ule kama kuku juu ya mayai. Hemedi na mpwa wake Moustapha, aliyekuwa anapanga mizigo na abiria, walilala porini mara tatu.

"Tuinue," Gaston akasema.

Nyuma haikuwa shida. Aliongeza vyuma viwili kwenye resori, yale mabamba yaliyolala moja juu ya jingine, yanayobeba uzito wote. Mbele chuma cha kuongeza hakikupatikana. Akasema atachonga vipande viwili vya mti mgumu, kila kimoja unene wa viganja viwili, aviweke kati ya resori na kile chuma kikubwa kinachoshika magurudumu, halafu akaze kwa buloni, bolti ndefu zilizopindwa kama mpini wa ndoo. Alikuwa ameona gogo kavu nyuma ya soko, limelala pale miaka.

Bwana Hemedi akakataa. "Muti uliokufa? Kubeba watu walio hai? Hapana, fundi. Babu yangu hakujenga hata kibanda cha mbuzi kwa muti uliokufa. Tutakata kwenye shamba langu, muti mzima, wenye majani, na tutausomea dua."

Wakakata, wakasoma dua, na siku ya tatu kamio ikasimama juu kama korongo. Moustapha akaizunguka mara mbili.

"Fundi, sasa wanawake wa Nyangwe watapanda na nini? Na ngazi ya kukwea michikichi?"

"Watakupanda wewe mgongoni," Gaston akamjibu.

Ikaenda Lusangi bila kukwama hata mara moja. Lakini iliporudi tuliisikia kabla hatujaiona. Ilikuwa na sauti tatu. Kwi-kwi-kwi, kama panya. Kang, kila ilipokata kona. Na ya tatu, ko-ko, ko-ko, kwenye kila shimo, sauti nzito inayotoka chini ya miguu ya dereva. Wanawake wa Nyangwe wenye samaki walikuwa wameshuka njiani na vikapu vyao, wakasema heri miguu yao, kamio hii inabisha mlango wa kaburi.

Bwana Hemedi hakupiga kelele. Yeye huongea polepole akiwa na hasira. "Fundi, ulisema utainua kamio, hukusema utaifundisha kuimba. Leo ni Jumanne. Ijumaa, baada ya sala, nitapanda. Ikinyamaza, volani yako, na safari ya Kabambare utaendesha wewe. Ikiimba, naipeleka Kindu kwa garaji ya Mzungu, na volani nitampa Moustapha."

"Mimi?" Moustapha akasema. "Mimi naogopa hata baiskeli, mjomba."

"Utazoea."

Jumatano asubuhi Gaston aliingia jikoni, akachukua mchi wa mama mkwe wangu, akatoka. Mama Ernestine, mama yake, alikuwa amekaa na bakuli la mpunga tayari kutwanga.

"Gaston. Tutakula nini leo? Kamio?"

"Naazima tu, mama."

"Baba yako naye aliazima shoka yangu, akafa nayo."

Lakini mchi ulikuwa umeenda. Gaston aliulaza ncha moja kwenye chuma, ncha nyingine sikioni, kama daktari na kifua cha mgonjwa, huku Moustapha na watu wengine wakiitikisa kamio kwa kuning'inia mbele kwenye bampa. Nilikuwa pembeni na mtoto wetu Feza mgongoni, nikasikia anavyofanya kazi. Hakugusa kila kitu kwa mara moja. Alitia mafuta sehemu moja, akasikiliza. Aliniomba vitambaa vya zamani vya mtoto, akafunga chuma kimoja, akasikiliza, akafungua, akafunga kingine. "Nikiziba vinywa vyote pamoja," aliniambia, "sitajua nani alikuwa anasema."

Panya alipatikana kabla ya adhuhuri: yale mabamba mapya yalikuwa yanasuguana makavu. Akayapaka mafuta mazito, kwi-kwi ikaisha. Ile kang ilimchukua mpaka saa tisa. Kwa kuwa kamio sasa iko juu, fimbo ya chuma inayogeuza magurudumu ilikuwa imelala mshazari, na kwenye kona ilikuwa inagonga kisikio cha chuma ambacho zamani haikukifikia. Akakikata kile kisikio kwa msumeno. Moustapha akakata kona kumi uani, mkono kwenye volani na macho ameyafumba kwa woga, na kang haikurudi.

Ikabaki ko-ko.

Alhamisi asubuhi Gaston alikaza buloni zote za mbele, akapanda na Bwana Hemedi mpaka mtoni na kurudi. Kimya. Alirudi nyumbani akitembea kama bwana harusi, akambeba Feza, akamwambia, "Jumapili utamwona babu." Saa nane wakaijaribu tena. Ko-ko, ko-ko. Akatoa gurudumu la kushoto, akaangalia ndani, gololi zote nzima. Akatoa la kulia, vilevile. Akafunga kila chuma kwa kitambaa, kamio ikawa kama mtu aliyetoka hospitali, na bado ko-ko. Alipoweka mchi, sauti ilitoka pote, kushoto na kulia. Mwishowe aliketi chini, mafuta mpaka kwenye nyusi, akaniambia, "Mama Feza, masikio yangu yamekufa."

Sijawahi kumsikia akisema vile. Nilimpa maji. Lakini jambo moja nilikuwa nimeliona, nikawa nalizungusha kichwani. Jumatano mapema, kabla hawajaanza kazi, Moustapha aliisogeza kamio kutoka kwenye dimbwi, na panya alilia, lakini ko-ko haikulia. Alhamisi ile asubuhi vilevile haikulia. Mvua ilikuwa inanyesha kila usiku mwisho ule wa masika, na kamio ililala nje, maji mpaka kwenye tumbo la gurudumu. Mchana jua linawaka, injini nayo inawaka pale mbele. Ndipo inaanza kugonga. Nilifikiri: kitu gani kinanyamaza kikiwa na maji na kucheza kikikauka? Kila mwanamke anayelima anakijua.

Ijumaa, asubuhi ikielekea kuisha, Gaston alikuwa anakula muhogo wa kuchoma bila kuutazama. Nilichukua jembe langu, nikaweka beseni la maji mbele yake, nikazamisha kichwa cha jembe pale penye mti na chuma.

Alitafuna kidogo. "Jembe linafanya nini, Mama Feza?"

"Linakunywa. Jana lilikuwa linacheza kwenye mpini wake. Ni mpini mpya, jirani Yakubu aliuchonga na muti mubichi."

Akaendelea kutafuna. Halafu akaacha. Aliangalia beseni, akaangalia jembe, akaangalia upande wa kwa Hemedi, na muhogo ukawa bado mdomoni.

"Ule muti ulikuwa na majani," akasema.

"Ulikuwa na majani, na dua."

"Unakauka, unapungua. Buloni zinabaki bila kazi. Nakaza, unakauka tena." Akasimama. "Nataka muti uliokauka zamani. Uliokauka kabla sijazaliwa. Lakini Bwana Hemedi hataki muti uliokufa."

Sisi wawili tukageuka pamoja. Mama Ernestine alikuwa jikoni, akituangalia muda wote, na nyuma yake kilikaa kinu chake cha zamani. Kilikuwa na ufa mdomoni, hakitwangi tena, alikuwa anakikalia tu. Alikuja nacho kwa mumewe Wamaza siku ya kuolewa. Kilikuwa kimekunywa moshi na mawese miaka thelathini, kimekuwa cheusi na kizito kama jiwe.

"Hapana," Mama Ernestine akasema, kabla hatujafungua mdomo.

"Mama."

"Mchi ulichukua. Sasa kinu. Kesho utakuja kuniomba meno."

"Mama, ukinipa, leo napata volani. Usiponipa, anapata Moustapha."

"Yule anayefumba macho?" Akapapasa ule ufa kwa kidole. Niliona anachokipapasa, nikatamani tungepata kitu kingine. Kisha akasema, "Nitakaa mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele kwenye kamio. Mpaka Kabambare. Mimi sipandi nyuma na mbuzi wakati kinu changu kimekaa mbele."

Gaston alipeleka kinu begani, na mimi nikamfuata. Bwana Hemedi alikuwa anatawadha kwa ajili ya sala. Alikitazama muda mrefu.

"Hicho ni muti uliokufa, fundi."

Mimi siongei mbele ya Bwana Hemedi, lakini siku ile nilisema, "Samahani, baba. Kinu hakikufa. Kimekula na sisi kila siku."

Moustapha alicheka mpaka birika likamtoka mkononi. Hemedi hakucheka, ila alisema "Haya," akaenda msikitini.

Gaston alikuwa na muda wa sala ile na mawaidha yake, na siku ile, tunashukuru, mawaidha yalikuwa marefu. Kitako cha kinu kilitoa vipande viwili vizuri. Msumeno ulilia, vumbi likanukia mawese. Waliinua kamio kwa magogo, wakatoa vile vipande vya muti mubichi, na kweli, upande uliokuwa karibu na injini vilikuwa vimepasuka kama kisigino cha kiangazi. Wakaingiza vya kinu, wakakaza buloni, Gaston akaning'inia kwenye kle, ile spana ndefu, kwa uzito wake wote.

Bwana Hemedi alirudi, akapanda, Gaston kando yake. Wakaelekea njia ya Lusangi, kwenye yale mashimo mabaya, saa nane, jua kali. Sisi tulibaki uani: Moustapha, Mama Ernestine, mimi na Feza. Moustapha alikuwa anasoma kitu kwa midomo, nadhani alikuwa anaomba asipewe volani.

Kamio ilipokuwa inarudi hatukuisikia. Tuliiona kwanza, ndefu, inateremka, vumbi nyuma yake, na ngurumo ya injini peke yake. Ilifika karibu ndipo nikaona aliyekaa kwenye volani. Bwana Hemedi alikuwa upande wa pili, kofia mkononi, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefika nyumbani.

Tuliondoka Jumapili. Nyuma walijaa watu, na wanawake wa Nyangwe walipanda kwa ngazi ya Moustapha, ambayo alikuwa ameifunga kwa kamba na kuisifu kwa kila aliyepanda. Bwana Hemedi alibaki dukani. Mbele tulikaa Gaston, Mama Ernestine, na mimi na Feza mapajani. Kwenye shimo la kwanza kubwa, Mama Ernestine aliinama, akaweka sikio karibu na sakafu. Shimo la pili, vilevile. Tulipovuka Wamaza, mahali alipotwangia ujana wake wote, alinyooka, akakunja mikono.

"Miaka thelathini nimepiga kinu kile," akasema, "hakikuwahi kunyamaza hivi."

Gaston alikuwa anasikiliza. Nyumba ya baba ilipoonekana, alipunguza mwendo, akasimamisha kamio mbele ya mlango, na akashuka taratibu, kama alivyotaka.