Muvuvi wa Chisenga aliyekataa uji, na daftari yangu ya dalili

Mwapoleni bakubwa. Mimi ni muzee wa Kashikishi. Nilikaa Congo miaka mingi, njo maana Kiswahili changu kiko hivi. Ninayoandika hapa si bongo, ni kweli tupu.

Miaka ya hamsini nilisomea uganga kwenye hospitali moja ya misheni karibu na Nchelenge. Jina naliacha.

Dokta, muzungu, alitupeleka mwezi muzima kwenye wadi ya bachizi. Kila mwanafunzi na mugonjwa wake, na daftari ya kuandika dalili.

Mbele nilikuwa naogopa bachizi. Kisha ya wiki mbili woga uliisha, nikaanza kushuku. Na si bao peke yao! Mwenzangu akicheka peke yake, naandika. Mupishi akiimba sana, naandika. Masomo yalinipanda kichwani kabisa.

Mugonjwa wangu alikuwa ba Mulenga, muvuvi wa Chisenga. Ndugu yake alizama mu ziwa, naye akaacha kulala na kusema na batu.

Kila asubuhi namupa uji, anasukuma kikombe kwangu. "Anza wewe."

Nikaandika: anashuku sumu.

Dokta alifurahi, akasoma notes zangu mbele ya darasa. Akasema asipokula mpaka Jumatano, lori itamupeleka hospitali kubwa ya bachizi, mbali kusini. Sisi batu ba ziwa Mweru hatujasikia mutu aliyerudi kule.

Jumapili nikaenda nyumbani. Mama akamimina munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akaonja kidogo, akanipa.

Mukono wangu ulisimama. Mayo!

Mama akauliza, "Iko nini, mwanangu?" Nikakunywa kwa haya.

Bakubwa, kwetu anayekupa anaonja kwanza. Nimelelewa hivyo tangu utoto! Ba Mulenga alikuwa ananidai heshima, mimi nikaiandika ugonjwa.

Jumatatu nikaonja uji mbele yake. Aliniangalia sana, akachukua kikombe, akamaliza.

"Nilizani kwenu habakukufundisha," akasema.

Nikakimbia kwa dokta kumwambia amekula, na sababu yake. Akatabasamu tu. Akasema nimeanza kumupenda mugonjwa, sasa macho yangu hayaoni tena. Nikamuomba aniachie nifute ile mistari. Akakataa, daftari iko tayari ndani ya faili.

Jumatano lori ilikuja. Ba Mulenga alienda nayo, na daftari yangu ikaenda naye.

Alikuwa mugonjwa? Pengine. Batu bake ndio balimuleta, na huzuni ilikuwa kubwa. Lakini ile shuku ya sumu ilikuwa yangu mimi. Nilichojifunza ni kwamba shule inaweza kukupa macho mapya ikakunyang'anya ya mama yako, na wewe unapiga makofi.

Mbona naandika leo? Mujukuu wangu anasomea udaktari, na mwaka huu yuko upande wa magonjwa ya akili. Juzi aliniletea chai. Nikamwambia, "Anza wewe."

Aliniangalia kidogo. Kisha akachukua simu, akaandika kitu.

Nyie bakubwa mungefanya nini? Mimi naogopa kumuuliza ameandika nini.