Saruji kwenye Kaburi la Mkunga

Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti. Jua kali tangu asubuhi, upepo mkavu, wingu hakuna.

Kwa chokaa, hiyo ni siku mbaya. Polepole alilijua hilo alipopiga magoti kwenye makaburi ya zamani na kuanza kujaza upya maungio ya mawe ya kaburi la mkunga mmoja, aliyezikwa zamani sana hata herufi za jina lake zilisomeka zaidi kwa vidole kuliko kwa macho. Chokaa ikikauka ghafla hupasuka. Kwa hiyo hufunikwa magunia yaliyolowa, na mwenye kazi hukaa hapo kutwa akiyanyunyizia maji, kama anayeuguza mgonjwa.

Jina la Polepole alibandikwa na kaka yake. Wazazi wao walipofariki, kaka ndiye aliyemlea na kumsomesha, kisha akamweka kwenye karakana yake ya kufyatulia matofali ya saruji, nyuma ya nyumba. Ujana wake wote uliishia hapo. Chumba chake kilipakana na stoo ya saruji. Hata mto aliolalia ulikuwa na vumbi. Hakuwahi kupigwa wala kulala njaa. Ila kila alipogusia kuondoka, kaka alimuuliza kwa upole nani aliyemfikisha hapo alipo, naye akarudi kwenye matofali. Kamba ya hisani haikati ngozi, lakini kuifungua ni kazi.

Mafunzo haya ya kukarabati mawe ya kale kwa chokaa aliruhusiwa kuyahudhuria kwa kuwa kaka alidhani angerudi na wateja. Hakumwambia kwamba mwishoni fundi mkuu, mwanamke mcheshi waliyemwita Mama Chokaa, angechagua mmoja wa kuajiriwa, na kwamba mwajiriwa hupewa chumba. Kaburi la mkunga ndilo lililokuwa mtihani wake.

Adhuhuri pikapu ikasimama getini na kupiga honi. Kaka alikuwa amepata oda ya ghafla na mashine haikuwa na mtu. Polepole alimweleza kwamba maungio bado mabichi, hawezi kuyaacha. Kaka akacheka.

"Wafu hao wana haraka gani? Mimi niliye hai ndiye ninayesubiri." Alipoona hasogei, akashusha sauti. "Haya. Fadhila ya punda ni mateke."

Neno hilo lilimchoma. Mama Chokaa alikuwa upande wa pili akiwaonyesha wenzake namna ya kuosha jiwe kwa brashi laini. Polepole akachota saruji kwa kopo kutoka mfuko uliopasuka nyuma ya pikapu, akaikwangua chokaa aliyokwisha kuijaza, akavichanganya, akarudisha mchanganyiko kwenye maungio. Yangejikaza yenyewe, bila magunia, bila yeye. Akapanda gari.

Jioni aliporudi kuchukua vifaa vyake, alimkuta Mama Chokaa ameketi kando ya kaburi. Akamwambia abonyeze kiungo kwa ukucha. Chokaa changa huacha alama. Hii ilikataa.

"Mvua ikija jiwe litakunywa maji," Mama Chokaa akasema. "Maji yatatafuta pa kutokea, yakute mlango umefungwa. Litakalopasuka ni jiwe, saruji yako itabaki."

Polepole akasema kaka yake alikuwa anamsubiri.

"Honi niliisikia, mwanangu. Hata huyu mkunga alisubiriwa na wengi, lakini hakumwacha mtoto akiwa nusu."

Kisha akampa sharti: kesho asubuhi aje aitoe saruji hiyo kwa mkono, kabla haijakomaa. Akimaliza bila kulimegua jiwe, bado atahesabiwa. Asipokuja, Mama Chokaa ataitoa mwenyewe, na nafasi ataipata mwingine.

Wakati wa kula, kaka alitangaza kwamba oda inaendelea asubuhi. Mke wa kaka akamwongezea Polepole chakula bila kuombwa. Akala chote.

Asubuhi alivaa viatu vya kazi kama kawaida. Kaka alikuwa tayari kwenye mashine. Polepole akamwamkia shikamoo, akalijaza pipa maji, akatoka getini. Nyuma yake mashine ilinguruma, kisha ikazimika. Makaburini alipiga magoti, akaegesha ncha ya patasi kwenye kiungo, akagonga. Saruji ilitoka punje kwa punje. Simu ikaanza kuita mfukoni. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Akaiacha iite, akagonga tena.