Bobini ya Zamani kwenye Barabara ya Luberizi

Wakati wa vita ya pili ya huku kwetu, gari zima lilikuwa na hatari kuliko gari bovu. Askari walipita Uvira wakitafuta usafiri, na gari lililowaka liliondoka nao moja kwa moja. Kwa hiyo niling'oa bobini mpya, lile kopo dogo linalozipa bujii, yaani plagi za moteri, cheche, nikaifukia ndani ya kapu la unga wa muhogo. Mahali pake nikafunga ile ya zamani, mbovu. Nikajiona mjanja.

Nilisahau kwamba ile mbovu ilikuwa ikifa inapopata joto tu. Ikiwa baridi ilifanya kazi vizuri. Asubuhi askari walikuja, nikawaambia gari limekufa; komanda wao akageuza ufunguo, gari likanguruma kama linakwenda harusini.

"Mzee, si ulisema imekufa?"

"Imefufuka, komanda."

"Basi panda. Weye ndiye shofere."

Tukashika njia ya Bukavu. Kabla ya Luberizi, katikati ya mashamba ya mpunga, likazima. Nikafungua kapo, kifuniko cha moteri, nikachomoa waya wa bobini, nikausogeza karibu na chuma huku askari mmoja akiwasha. Hakuna cheche. Wakaimwagia bobini maji ya mfereji. Likawaka, wakapanda wakishangilia, likazima tena. Wakasukuma.

"Mutasukuma mpaka Bukavu?" mwanamke mmoja akauliza kutoka shambani.

Mwishowe wakachoka, wakaenda kuketi ng'ambo ya mfereji, nyuma ya majani marefu. Nikaanza kuomba waniachie gari langu. Ndipo akatokea shemeji yangu, kaka ya mke wangu, akirudi na gari lake kutoka Lubarika. Hakuwaona askari. Ningeweza kumpungia mkono apite. Sikumpungia: niliona kwamba likipatikana lake, langu litabaki.

Akaacha moteri ikiunguruma, akaja kuinamia kapo yangu.

"Shemeji, hii si bobini ya zamani? Ile mupya tulinunuaka Kimanga iko wapi?"

"Ndiyo, mzee," komanda akasema, akiinuka majanini. "Ile mupya iko wapi?"

"Wameiiba, komanda."

Komanda akamgeukia shemeji. "Na yako? Nayo inazimaka hivi?"

Mtu mwingine angesema ndiyo. Shemeji yangu alilipenda mno gari lake.

"Yangu miye? Komanda, hata ukienda nayo Bukavu haizime!"

Wakaenda nayo Bukavu.

Langu lilipopoa tukageuza kurudi Uvira. Kila lilipozima, shemeji ndiye aliyeshuka na kitambaa kilicholowa cha kuipoza bobini, maana hakuvumilia namna nilivyokikunja. Tulipokaribia mji nikashindwa kunyamaza.

"Shemeji, ile mupya iko ndani ya unga, nyumbani."

Akakikunja kitambaa vizuri, akakiweka mapajani.

"Simamisha," akasema. "Shuka."

Nikashuka. Akahamia kwenye usukani, mimi nikaenda kukaa mahali pake. Tangu siku hiyo gari lililala kwake, na sikuwahi kuthubutu kuliomba. Jumapili alikuwa akinipitia twende misa, akinipakia nyuma pamoja na magunia.