Kona Niliyoichomeka Mwenyewe

Mchana wa Abu Hamour, mtaa wa Doha, ulikuwa mrefu na mweupe kwa vumbi, nami niliupitisha kwenye meza ya kupigia pasi. Madamu wangu, mwalimu kutoka Ayalandi, akirudi kutoka shuleni alivua viatu, akakaa chini sebuleni na kupuliza filimbi yake nyembamba ya bati. Kiyoyozi kikivuma, mvuke wa pasi ukipanda, mimi nikawa nusu niko Doha, nusu sijui wapi.

Alikuwa na muziki mmoja alioupenda kuliko yote. Ulikuwa wa kucheza, hauna hata neno moja. Baba yake, mfugaji wa ng'ombe, aliutunga siku ya harusi yake mwenyewe, baada ya mpiga fidla kulewa kabla bibi harusi hajafika. Hakuuandika popote. Ukiutaka, ulikaa karibu naye ukasikiliza. Ulikuwa na vipande viwili, kila kimoja hupigwa mara mbili, kisha unarudi mwanzo mpaka wachezaji wachoke. Mapigo yake yalikwenda matatu matatu, na hapo ndipo niliponaswa, maana ndio mwendo wa chakacha, ngoma ya harusi ya kwetu Tanga. Mashati ya mume wa madamu, yaliyorudi na vumbi la ujenzi wa mji mpya wa Lusail, niliyanyoosha kwa mwendo huo miaka mitatu.

Kisha baba yake akafa. Madamu alikwenda kwao kuzika, akarudi amekonda. Siku hiyo hiyo alishika filimbi, akapiga kipande cha kwanza, akafika cha pili akakwama. Akaanza upya, akakwama palepale.

"Khalas, basi, kimepotea," akaniambia. "Mwezi ukitimia tunamsomea misa, na mimi ndiye wa kupiga. Hakuna mwingine anayekijua."

Nikaisimamisha pasi. Nikafumba macho, nikamwimbia kipande kile kwa pua, midomo imefumbwa. Kilikuja chenyewe, isipokuwa mahali pamoja karibu na mwisho. Pale kichwani palikuwa patupu. Nami sipendi kushindwa, ndiyo tabia yangu. Nikachomeka kona ya bibi yangu, yaani ule mgeuko wa sauti aliouweka kwenye chakacha harusini ili wanawake wazungushe viuno.

Madamu akalia. "Ndivyo hivyo! Ni baba kabisa!"

Nikaishika tena pasi. Hata leo naona aibu kwamba sikumwambia ile kona niliichomeka mimi. Alisafiri na muziki huo vile vile kwenda kwenye misa.

Miaka ikapita. Nilikuwa nimesharudi Tanga siku video yake ilipoingia kwenye simu: ukumbi wa kijijini kwao, wazee kwa vijana wamejipanga mistari, visigino vinagonga mbao, yeye pembeni na filimbi. Muziki ukafika kwenye ile kona, na ukumbi mzima ukageuka nayo. Nilifurahi, nikaogopa, nikafurahi tena. Nikamwandikia ukweli wote: kona ile si ya baba yako, ni ya bibi yangu, nisamehe.

Jibu lilikuja kesho yake. "Najua. Baba mdogo aliisikia siku ya misa, akasema kaka yake hakupita hapo. Tukamuuliza alipita wapi, naye hakumbuki. Hakuna anayekumbuka. Mwambie bibi yako tunamshukuru."

Bibi yangu alizikwa kabla mimi sijaiona Doha. Nikasimama jikoni peke yangu, nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti.